Mkaguzi wa Boti za Watu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Maisha nimeyaanza kwa kubeba magunia bandarini Malindi, hapa kwetu kisiwani. Skuli nilikwenda mpaka darasa la nne, nikaona inatosha. Leo nina boti tatu Kizimkazi zinazopeleka wageni kuangalia pomboo, nina nyumba ya ghorofa Bububu, na hakuna mtu wa kunigongea mlango asubuhi akidai chake. Mtu aliyepanda kwa mabega yake mwenyewe keshaonyeshwa kila aina ya ujanja. Nimeuziwa saa isiyokuwa na mashine ndani. Nimeamkiwa kwa heshima na watu waliokuwa wakinipita kama hawanioni. Nikiambiwa bahari imekauka, nauliza tu imekaukia upande gani nikachukue boti zangu.

Pamoja na hayo, mwaka jana ufukweni Maruhubi mzee mmoja alisema neno moja, nikabaki mdomo wazi. Nilikuwa nimeshaahidi mbele ya watu kununua boti ya nne, na yeye ndiye niliyemwita aniambie kama boti ile itabeba watu au itawaua. Kwa neno lake nilifanya jambo ambalo mji mpaka leo unalicheka. Barazani wanasema mzee yule keshachoka, macho hayaoni, na kwamba mimi nimepumbazika. Basi nasema na mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, binti yangu amenitengenezea herufi tu. Anayetaka kucheka acheke akiwa anamjua anayemcheka.

Jina lake silitaji. Hakuna anayemwita kwa jina. Sisi wote wenye vyombo, Kizimkazi mpaka Matemwe, tunamwita Mkaguzi. Si mkaguzi wa serikali. Hana ofisi, hana mhuri, hana sare. Ukitaka kununua boti iliyokwishatumika, hizi za faiba zenye mashine nyuma, unakwenda kumchukua kwake Kikwajuni, anaitazama, kisha anakwambia "chukua" au anakwambia "acha". Ukimuuliza "acha kwa nini?" anakwambia ungekuwa unajua kwa nini usingemwita.

Usimdhanie mzee mpole anayejikunja pembeni. Ana maringo kuliko mimi, na mimi maringo ninayo. Huenda kukagua boti kama anakwenda harusini: kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono, udi unamtangulia. Akifika anaivua kanzu, ndani ana fulana na kaptula ya khaki iliyopauka. Kanzu ile haiweki chini wala haitundiki. Anampa mnunuzi aishike. Nimemwona mwenye hoteli mmoja, mtu wa kufunguliwa mlango wa gari, amesimama juani Mtoni na kanzu ya watu mikononi, na Mkaguzi yumo ndani kabisa ya boti, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Mzee," yule mwenye hoteli akasema, "hii naweza kuiweka kwenye gari."

Sauti ikatoka chini huko: "Iweke. Na mimi nnaingia kwenye gari hilo hilo, nnakwenda zangu."

Akaishika. Mimi pia nimeishika, kwa boti zangu zote, na sioni haya. Nimebeba vizito zaidi ya kanzu.

Ujira wake ni nyama ya ng'ombe. Fedha hapokei, na samaki hali. Mtu wa mjini, bahari iko pale, maisha yake yote yamekwishia ndani ya vyombo, na samaki hamgusi. Nilimuuliza sababu. "Nawajua wanakula nini," akanijibu. Nyama unampelekea kabla hujamchukua. Ukisema utampa mkirudi, hendi. "Ukinipa tukirudi utanipa kwa jibu," aliniambia. "Mimi jibu siuzi. Nauza kutazama."

Kwa muuzaji hanywi hata maji. Likiletwa buli la kahawa, anasema amefunga. Siku moja tulikwenda Matemwe, muuzaji akamkumbusha kwa adabu kwamba leo ni Iddi, na siku ya Iddi hakufungwi.

"Basi naumwa," akasema.

Nilimjua kwa boti yangu ya kwanza. Nilikuwa na fedha ndani ya mfuko wa nailoni, nimezifunga kiunoni, na nimeona boti Bububu ambayo usiku sipati usingizi kwa kuipenda. Muuzaji alituambia tufike saa nne. Mkaguzi akanifuata saa tatu kasoro. Nikamwambia tutamkuta mtu hajajitayarisha. "Ndiyo nitakacho," akasema. Tulipofika hakutoa salamu ndefu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya boti, akaweka kiganja juu ya mashine, akakiacha pale kama mama anayempima mtoto homa. Mashine ilikuwa ya moto.

"Niliiwasha kidogo tu, kuijaribu," muuzaji akasema.

"Vizuri sana," Mkaguzi akasema. "Tutakaa mpaka ipoe."

"Itachukua muda, mzee wangu."

"Mimi nina wajukuu wengi, lakini wote wana mama zao. Sina haraka."

Tukakaa. Muuzaji akatoka mara kwenda msikitini, mara kwenda dukani, mara kuita mtu. Mashine ilipopoa, ikavutwa, ikavutwa tena, ikakohoa, ikazima. Mashine inayoficha ugonjwa huwaka ikiwa ya moto. Ikilala baridi ndiyo inasema kweli. Mkaguzi akanyoosha mkono nimpe kanzu yake. "Acha," akasema. Njiani nilitaka kulia, mtu mzima. Akaniambia nisiililie boti, boti mbovu haina kosa, kosa analo aliyeipaka rangi.

Ana namna zake nyingine. Maji ya ngama, yale yanayotuama chini kabisa ya chombo, huyachovya kidole akayaonja. Yakiwa ya mvua anaendelea na kazi. Yakiwa ya chumvi, maana yake bahari inaingia mahali, anayatema, na mara zote niliona anatemea upande aliosimama muuzaji. Hufungua oili ya chini ya mashine akaipaka kwenye ukucha. Ikiwa nyeupe kama tui, maji yameshaingia kwenye gia. Hujining'iniza kwenye mashine kwa uzito wake wote, miguu hewani, mzee mzima, ili aone kama ubao wa tezi, huko nyuma ya boti, unaozibeba mashine unatikisika. Kisha huchukua bisibisi, huigeuza, na kwa mpini wake hugonga chombo kizima, kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, sikio limelala juu ya faiba. Maana boti hizi si faiba tupu. Katikati mna ubao, na ubao ule ukipata maji unaoza taratibu huku rangi ya nje inang'aa na wageni wanapiga picha juu yake. Penye ubao mkavu panajibu ka, ka, ka. Penye ubao uliolowa panajibu kama umegonga papai lililoiva. Mimi nimejaribu kusikiliza mara nyingi. Papai nalisikia sasa. Zamani nilikuwa nasikia ka, ka, ka kila mahali, kwa sababu ya kuitaka boti.

Hapo utasema mtu huyu bahari ameizoea. Hata kidogo. Boti ikiteremshwa majini kujaribiwa, anakaa chini katikati, ameshika ubao huku na huku kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo inacheza. Wengine wanasema anasikiliza mashine. Wengine wanasema anasoma dua za kuogopa. Mimi nasema vyote viwili vinawezekana, na anayesikiliza akiwa na hofu husikia zaidi. Nilimtania siku moja. Nikamwambia, "Ami, mimi bahari siiogopi."

"Wewe ni mchukuzi," akaniambia, mbele ya manahodha wangu wawili. "Mchukuzi hutazama mzigo, hatazami chini."

Nilikasirika, simfichi mtu. Mimi nawalipa watu mishahara, naitwa mchukuzi mbele yao. Lakini yeye alivyolitaja neno lile hakulitaja kama wanavyolitaja wengine, wenye kulisema kwa pua. Alilitaja kama kazi, kama vile angesema wewe ni seremala.

Na ni mbishi. Kuna boti moja ya Matemwe aliyoitia "acha" miaka mingi iliyopita, mnunuzi akaichukua vivyo hivyo, na boti ile mpaka leo inakwenda, inabeba wageni, haijawahi hata kuvutwa. Kila mwenye chombo anaijua hadithi hiyo. Ikipita mbele yake, Mkaguzi hugeuka akatazama minazi. Ukimwambia, "Ami, ile pale, inakwenda," anasema, "Bado." Bado maana yake bado haijazama. Kukubali kwamba hukumu yake ilikuwa na kasoro, hilo hakuna aliyewahi kulisikia. Mkewe aliniambia kwamba hata chumvi akiizidisha kwenye mchuzi mwenyewe, husema nyama ndiyo iliyokuwa na chumvi.

Sasa nakuja kwenye boti ya Shangani.

Ilikuwa boti ndefu, nyeupe, ya mashine mbili kubwa, turubai la buluu, viti vya ngozi ya bandia. Mwenyewe ni mtu wa moja katika zile nyumba kubwa za zamani za Shangani. Nitamwita Bwana wa Shangani. Nyumba ile mimi niliwahi kuingia zamani, kwa mlango wa nyuma, masanduku yao yakiwa begani kwangu. Safari hii nilipokelewa mbele, nikakaa barazani pamoja na wazee wa mtaa baada ya sala ya alasiri, halua ikapitishwa, kahawa ikapitishwa. Bwana wa Shangani akaisifu boti yake, akamalizia kwa kusema: "Na hii ni boti ya Mkaguzi. Nilipoinunua mimi, ni yeye aliyesema chukua. Sina haja ya kuongeza."

Kisha akataja bei. Wote wakanigeukia. Nilizijua nyuso zile. Walikuwa wanangoja nianze kulilia bei, nitaje watoto, nitaje ada za skuli, waje kusimuliana usiku jinsi mchukuzi alivyonung'unika.

Nikasema, "Nimekubali."

Mzee mmoja akainua mikono, sote tukainua, ikasomwa Fatiha. Kwetu jambo likishasomewa Fatiha limefungwa, awe mchumba, iwe shamba, iwe boti. Nikatoa arbuni pale pale, ile fedha ya kushikia mali, na iliyobaki tukaahidiana kuimaliza baada ya siku chache.

Wako wanaosema hapo ndipo nilipokwenda kombo, kwamba kwanza hukaguliwa, ndiyo husomwa. Waseme. Mimi nilitaka nyumba ile isikie mtoto wa bandarini anasema "nimekubali" bila ya kukohoa, na imesikia. Ningerudi leo ningesema tena.

Lakini mimi si mtu wa kupakia watu kwenye chombo nisichokijua. Asubuhi nikapeleka nyama Kikwajuni.

"Boti gani?" akauliza Mkaguzi.

Nikamwambia.

"Mmefika wapi?"

"Fatiha tushasoma."

Akaitazama nyama, akanitazama mimi. Macho yake siku hizi yana ukungu, hukutazama kama anayekutafuta. "Mke ushaoa, sasa unataka nikamtazame meno."

"Nataka kuyajua, Ami. Nitapakia watu humo."

"Na nikisema acha, utaacha? Na Fatiha yako?"

"Wewe tazama. Yangu niachie mwenyewe."

Akaingia ndani kuvaa kanzu.

Maruhubi tulifika mapema, kama kawaida, lakini safari hii tulimkuta Bwana wa Shangani keshafika, na mashine ni baridi kama jiwe la mtungini. Anamjua mzee. "Shikamoo, Ami."

"Marahaba."

"Boti hii si ngeni kwako. Ni kama unamtembelea mwanao."

Mkaguzi akavua kanzu, nikaipokea. Alipanda kwa kupapasa, mguu ukitafuta ngazi, na Bwana wa Shangani akaniangalia na kutabasamu kidogo, kama kunambia unaona mwenyewe. Mashine zote mbili ziliwaka kwa mara moja. Oili ilikuwa safi. Ngama ilikuwa kavu kabisa, hakuna hata cha kuonja. Akajining'iniza. Akagonga kuanzia omo, ka, ka, ka, upande mmoja mzima, upande wa pili mzima, mimi moyoni nishaanza kuwapanga wageni kwenye viti. Akafika tezi. Akagonga. Akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akagonga tena, akalaza sikio. Mimi nilikuwa chini mchangani, na nilisikia papai.

Akaomba kifuniko cha sakafu karibu na mashine kifunguliwe. Skurubu zilikuwa zimeshika kutu, ilichukua muda. Akaingiza mkono mpaka begani, akatoa bisibisi kwa mkono wa pili, akachokonoa. Mkono ulipotoka ulikuwa na kitu cheusi, kilichosagika kama ugoro uliolowa. Akakinusa, akakifikicha, akajipangusa kwenye kaptula.

"Acha," akaniambia.

Bwana wa Shangani akacheka, si kwa ubaya. "Ami, boti hii hii wewe ulisema chukua."

Mzee ameshika ukingo wa boti, ameelekea baharini.

"Hakuna anayekulaumu," Bwana wa Shangani akaendelea, sauti laini, ya mtu aliyesoma. "Ulipoiona wewe ilikuwa nzima. Miaka imepita, mvua zimenyesha, labda maji kidogo yamepenya juzi juzi. Sema hivyo tu. Fundi anakuja kesho anaziba, mambo yanakwisha, na jina lako liko pale pale."

Niliuona mlango aliofunguliwa. Mtu ambaye hakubali hata chumvi ya mchuzi wake, amefunguliwa mlango mpana, na mfunguaji ni mwenye mali mwenyewe. Kilichotakiwa ni aseme "ndiyo", boti iwe na ugonjwa mdogo wa juzi, mimi nitimize Fatiha yangu, kila mtu aende nyumbani na heshima zake.

"Maji haya ya zamani," Mkaguzi akasema. "Ubao umekuwa ugoro mpaka katikati. Palitobolewa hapa, pakazibwa kwa rangi, kabla yako wewe na kabla yangu mimi. Siku ile nilikuwa nnamuoza binti yangu, nilikuwa na haraka. Kifuniko hiki sikukifungua." Akageuka, akatafuta uso wangu kwa macho yale ya ukungu. "Nilikosea."

Hilo ndilo neno. Wewe unaweza kuliona dogo. Mimi nilimjua miaka ishirini, na nilikuwa radhi niambiwe bahari imekauka.

Bwana wa Shangani tabasamu likamtoka. "Haya. Bwana mkubwa," akanigeukia mimi, "Fatiha tushasoma, lakini sikulazimishi. Ukiogopa, arbuni yangu nimeshaishika, boti kesho anaichukua mtu wa Matemwe. Anataka ya kupeleka wapiga mbizi. Yeye hana maneno mengi. Nishamwambia ni boti ya Mkaguzi."

"Usimwambie hivyo," mzee akasema.

"Nishamwambia, Ami. Na wakati ule ulisema kweli."

"Nitakwenda Matemwe nimwambie mwenyewe."

"Nenda. Nitamwambia mzee haoni, na hata ngazi aliipapasa. Nani atanikanusha?"

Hakuna. Chombo kinang'aa, mashine zinawaka, karatasi zake zote ziko hai. Ungekwenda kwa mkubwa gani ukasema nini? Kwamba mzee mwenye ukungu wa macho amesikia papai?

Tukaingia kwenye gari. Nilikuwa nimefika Darajani ndipo nikagundua kwamba kanzu bado iko mapajani kwangu na yeye amekaa na fulana, jasho na ugoro mweusi mkononi, na watu wanamwamkia dirishani naye anaitikia. Mtu yule, ambaye dukani kununua kiberiti haendi bila ya udi.

"Wapiga mbizi anawapakia wangapi kwa mara moja?" akauliza.

"Kumi, kumi na mbili. Na mitungi yao."

"Mizito."

"Mizito, Ami."

"Tezi ile haitabomoka ufukweni," akasema. "Itabomoka mashine zikiwa mbio. Itazitupa mashine zote mbili, na maji yataingia kwa nyuma. Mbali huko." Kisha akaongeza: "Nao watakuwa wamepanda kwa jina langu."

Hakuniomba kitu. Naapa hakuniomba. Nilimfikisha kwake, nikamvalisha kanzu mlangoni ili mkewe asimwone vile, nikarudi Bububu. Mke wangu nilipomwambia nnachotaka kufanya aliuliza kama nimerogwa. Nikamwambia hakuna mchawi wa kuniweza.

Kesho yake asubuhi, kabla mtu wa Matemwe hajafika, nilikwenda Shangani nikakaa baraza ile ile, mbele ya wazee wale wale, nikamaliza bei yote ya boti. Nikasema: "Fatiha niliyosoma nimeitimiza." Bwana wa Shangani akanipa mkono. Mmoja wa wazee akasema, "Mnaona, hata tajiri huyu hakumsikiliza yule kipofu." Nikamwambia, "Njooni Maruhubi baada ya adhuhuri, nyote. Nakualikeni." Wakadhani kuna pilau.

Walikuja. Walikuta mashine zote mbili zimeshafunguliwa. Nilishaziuza kwa mwenzangu wa Kizimkazi aliyekuja kuzichukua kwa gari. Bwana wa Shangani alikuja pia. Kulikuwa na mafundi wawili wenye msumeno wa petroli. Nikawaambia waanze.

"Bwana, unafanya nini?" Bwana wa Shangani akauliza.

"Nakata mali yangu."

Waliocheka walicheka hapo. Niliwaacha. Msumeno ulilia, vumbi la faiba likaruka, na ulipofika tezi ukabadilisha sauti, ukawa kama unakata tikiti. Maji yakatoka. Si matone, yalitiririka, meusi, yakanuka kiasi cha watu kuziba pua. Ule ubao uliokuwa ukibeba mashine mbili ungeweza kuuchota kwa kijiko cha chai. Nilichukua kipande, nikampa yule mzee aliyesema kipofu, nikamwambia akibonyeze. Akakibonyeza, kikakwisha mkononi mwake. Akaenda kunawa baharini. Bwana wa Shangani aliondoka bila ya kuaga.

Nisieleweke vibaya: hawakuacha kucheka. Walikubali ubao umeoza, kisha wakahamia kwenye kicheko kingine, kwamba mwenye akili angeacha arbuni tu akaenda zake, na ya mtu wa Matemwe yangekuwa ya mtu wa Matemwe. Wamebaki hapo mpaka leo. Wabaki.

Alasiri ile Mkaguzi alikuja. Hakuna aliyemwita, na nyama sikupeleka. Alikuwa amevaa kanzu nyingine, kofia, udi. Aliuliza boti iko wapi, nikamshika mkono mpaka kwenye ule mkato. Akaupapasa wote kwa vidole, kutoka upande hadi upande, polepole, kama anayesoma.

"Nani kakwambia ukate?"

"Hakuna. Mali yangu."

"Ungeitoboa ukaiacha."

"Wangeiziba wakaipaka rangi."

Sikuwa nangoja shukrani, na hakuitoa. Wale wa baraza walikuwa bado wamesimama nyuma yetu, wananong'ona, kicheko kinawatoka kwa kukatika katika. Yeye alikuwa anawasikia. Masikio yake mmeshayajua.

"Ukitoa mashine ulizouza," akaniuliza, "ukaweka na hawa mafundi na gari la kuzoa hii taka, imekula fedha yako kiasi gani?"

Nikamwambia kwa sauti ndogo.

"Sisikii," akasema. "Sema na wale wasikie."

Nikageuka, nikawatazama mmoja mmoja, nikaisema kwa ile sauti niliyokuwa nikiitumia Malindi watu wapishe mzigo: shilingi milioni kumi na tisa, laki sita na arubaini elfu.